Kilima na Kitambi: Mwongozo Kamili wa Mazoezi ya Vipindi kwa Mwanaume Mnene wa Nyanda za Juu Kusini

Bwana mmoja wa Uyole, dereva wa malori ya Tunduma, alinijia na karatasi mbili za maabara. Ya kwanza, kabla hajaanza mazoezi, CRP yake, kipimo cha damu kinachoonyesha mwako ndani ya mwili, ilisoma miligramu 3.8 kwa lita. Ya pili, baada ya wiki tano za kuamka saa kumi na moja alfajiri na kukimbia mpaka ulimi unamtoka, ilisoma 7.1. "Kaka, mbona mimi ndiyo nazidi kuungua?"

Nikamuuliza anapiga tizi mara ngapi kwa wiki. Siku sita. Damu ya pili alitoa lini? Asubuhi, saa mbili baada ya kushuka mlimani. Na hilo shavu limevimba nini? Jino, lina wiki mbili linamsumbua. Majibu yake yote yalikuwa hapo hapo, hayakuhitaji daktari bingwa.

Si wa kwanza kwangu. Wanaume wa huku hatushindwi kwa uvivu. Mtu anayelima shamba la viazi Isyonje au Kikondo hafundishwi kazi. Tunashindwa kwa sababu tunakaza kila siku, na mwili hauponi siku ya kukaza, unapona kesho yake.

Mwako ninaouzungumzia ni ule ambao madaktari huuita inflamesheni, na huu wa kwetu hauonekani wala haushikiki kama jipu. Mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo na ini, hutoa kemikali kama TNF-alfa na IL-6 kidogo kidogo, mchana na usiku. Ini likizipata hutengeneza CRP, ambayo ndiyo maabara huipima. Ni kijinga cha moto kilichofukiwa majivuni: hukioni kikiwaka, ila jiko halipoi. Miaka ikipita, mishipa ya damu huharibika, insulini hushindwa kazi yake, na kisukari na presha hupata mlango.

Mazoezi ya vipindi, yaani kukaza kwa muda mfupi, kupumzika, kisha kukaza tena, hupunguza mafuta ya tumbo na kuongeza nguvu ya moyo na mapafu kwa muda mchache kuliko kutembea au kukimbia taratibu. Kwa upande wa mwako wenyewe, hayana uchawi unaoyazidi mazoezi mengine. Tafiti zimetoa majibu mchanganyiko, ila jambo moja hujirudia: ambaye tumbo lake limepungua, mwako wake pia hupungua. Kwa hiyo soma mwongozo huu ukijua kwamba shabaha ni kiuno. Damu itafuata.

Vitu vya kuandaa

Kilima. Hiki ndicho kifaa kikuu, na kwetu ni bure. Tafuta mpando wa wastani, ambao ukitembea kwa haraka unakuchukua dakika moja hivi kuumaliza, yaani kama mita 90 au 100. Baadaye utahitaji mwingine wa mita 300 hadi 350. Mbeya mjini, mitaa iliyo chini ya Loleza imejaa mipando ya namna hiyo. Iringa ndiyo kabisa, mji wenyewe umekaa juu, ukitoka Ipogolo unapanda tu. Njombe na Tukuyu sina haja ya kuwaelekeza.

Usitumie barabara kuu ya Zambia. Malori yanayoshuka Iwambi au Mlima Nyoka hayakuoni, na moshi wa dizeli nao huamsha mwako uleule unaotaka kuuzima.

- Raba zenye soli nene. Za mtumba pale Mwanjelwa zinafaa, lakini ikunje kwanza: ikijikunja katikati kama chapati, iache. Inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia.
- Utepe wa fundi cherehani.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Daftari la shule na kalamu. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya, hasa ikipendezwa na mwenye kichwa.
- Sweta au jaketi la kuvua. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya zinashuka chini ya nyuzi 10, na misuli ya baridi huchanika kirahisi.
- Mtu wa kukupima presha. Kituo cha afya au duka la dawa lenye mashine linatosha.

Kipimo cha damu ni hiari. Nitakieleza mahali pake.

Nani asianze bila kumwona daktari

Hapa sitanii. Umri ukizidi miaka 45 na hujafanya mazoezi miaka mingi, kapime kwanza. Presha ikiwa 140/90 au zaidi, kazungumze na daktari kabla ya vipindi. Ikifika 180/110, usifanye mazoezi makali kabisa mpaka ishuke. Wengine wa kumwona daktari ni mwenye maumivu ya kifua akipanda ngazi, aliyewahi kuzimia akifanya kazi, mwenye ngiri, na mwenye seli mundu.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari katikati ya mlima. Abebe glukosi au soda yenye sukari, na asipande peke yake. Akague nyayo zake kila akivua raba, maana kidonda kidogo asichokisikia kinaweza kumgharimu mguu.

Ukiwa na homa, pumzika. Hata kama ni mafua tu yenye mwili kuuma, subiri siku kadhaa baada ya kupona.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kuanza

Asubuhi, baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, vua shati. Tafuta kwa vidole mfupa wa mwisho wa mbavu na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Utepe upite katikati ya viwili hivyo. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo. Pima mara mbili uandike wastani.

Mwanaume akizidi sentimita 94, hatari imeanza. Akizidi 102, imekomaa. Namba ya suruali isikudanganye, sisi wenye vitambi tunafungia mkanda chini ya tumbo, kwa hiyo mtu wa sentimita 110 anavaa suruali ya 36 akijiona yuko salama.

Andika pia mapigo ya moyo ukiwa bado kitandani. Weka vidole viwili kifundoni mwa mkono, hesabu kwa dakika nzima.

Sasa damu. Kama utapima, omba hs-CRP, kile kipimo nyeti. Maabara nyingi ndogo wana CRP ya matone kwenye kibao, ambayo huanza kuona kitu ikizidi miligramu 6 kwa lita. Wakikujibu "hasi," hawajakwambia chochote kuhusu mwako huu wa chinichini. Kwa hs-CRP, chini ya 1 ni hatari ndogo ya moyo, kati ya 1 na 3 ni wastani, juu ya 3 ni kubwa. Ikizidi 10, kuna kitu kingine: malaria, kidonda, jino, ufizi, kifua. Tibu hicho kwanza, subiri wiki kadhaa, upime upya.

Mwenye fizi zinazotoka damu kila akipiga mswaki asisubiri kipimo. Aende kwa daktari wa meno, kwa sababu ugonjwa wa fizi peke yake unatosha kuipandisha CRP, na hapo utapanda milima yote ya Rungwe bila mafanikio.

Unajuaje umefaulu hatua hii? Daftari lina tarehe, kiuno, mapigo na presha. Basi.

Hatua ya 2: Wiki mbili za kutembea tu (wiki ya 1 na ya 2)

Wengi wanairuka hii, halafu wanarudi kwangu wiki ya tatu wakichechemea. Misuli hujenga nguvu mapema, lakini kano na maungio huchukua muda mrefu zaidi, na mtu wa kilo 95 anayekimbia anaangusha kwenye goti uzito unaozidi wake mara kadhaa kwa kila hatua.

Tembea dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo wa mtu anayewahi basi lakini bado ana dakika chache mkononi. Tambarare au mteremko mdogo. Shuka kituo kimoja kabla ya kwako, achana na bodaboda kwa safari fupi.

Kama umetoka Dar juzi, tambua kwamba Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Pumzi kukukata siku za mwanzo si ugonjwa. Jipe wiki nzima ya ziada ya kutembea. Na ukienda Kitulo au Makete kwa kazi, ambako ni juu zaidi, usilazimishe mwendo wa mjini.

Dalili ya mafanikio: siku ya kumi na nne unatembea dakika 30 mfululizo, unaongea, na kesho yake magoti hayalalamiki. Yakilalamika, ongeza wiki. Hakuna anayekufukuza.

Hatua ya 3: Jifunze kipimo cha salamu

Shida kubwa ya vipindi ni kujua "kali" ni kali kiasi gani. Saa za mkononi za kupima mapigo zipo, wengi hawana. Vitabu vinasema kaza mpaka asilimia 85 au 90 ya upeo wa mapigo yako. Hesabu yake ni hii: zidisha umri kwa 0.7, toa jibu kwenye 208. Mtu wa miaka 40 anapata 180, kwa hiyo akikaza mapigo yake yawe kati ya 153 na 162. Akisimama tu, ahesabu kwa sekunde 15: akipata 38 hadi 40, yuko penyewe. Asichelewe kuhesabu, mapigo hushuka upesi.

Ila mimi natumia salamu. Nyanda za Juu mtu hapiti bila kusalimiwa, hasa mlimani alfajiri ambako kina mama wanateremka na mizigo ya sokoni. Ukiwa kwenye kipindi cha kukaza, mzee akisema "Kamwene" kule Iringa au "Ugonile" huku Rungwe, unatakiwa uweze kuitikia neno hilo moja tu, kwa shida. Ukiweza kuendelea na habari za nyumbani, za watoto na za mahindi, unatembea tu, hujakaza. Usipoweza hata kuitikia, umevuka, punguza.

Kwenye kipindi cha kupumzika, kabla hujaanza tena, unatakiwa uweze kumaliza salamu nzima na za ng'ombe pia. Kama huwezi, pumziko halijaisha, hata kama saa imelia.

Kipimo hiki kina faida nyingine. Wanaotumia dawa za presha za kundi la atenolo, propranolo au bisoprolo mapigo yao hayapandi kama ya wengine, kwa hiyo hesabu ya 208 itawadanganya wajiumize. Pumzi haiwadanganyi.

Hatua ya 4: Sekunde thelathini (wiki ya 3 na ya 4)

Mara mbili kwa wiki. Jumanne na Ijumaa, kwa mfano. Siku mbili hizi zisifuatane kamwe.

Anza na dakika 10 za kutembea tambarare, mwendo ukiongezeka polepole. Wakati wa baridi fanya 15, na sweta usilivue mpaka jasho jembamba litoke mgongoni.

Kisha panda kilima kwa kutembea haraka, hatua fupi, mikono ikipiga, kwa sekunde 30. Simama. Geuka, shuka taratibu kwa sekunde 90 au zaidi. Rudia mara sita. Malizia na dakika tano za kutembea tambarare.

Umeona sijasema kimbia. Mtu mnene akipanda kwa kutembea, moyo wake unafika palepale ambapo mwembamba anafika kwa kukimbia, lakini miguu yake haigongwi. Ndiyo sababu naona kilima chetu kinazidi mashine ya jimu.

Onyo kuhusu kushuka. Kupanda hukata pumzi, kushuka huchana misuli. Paja linapozuia uzito wako kwenye mteremko, nyuzi zake hunyooka huku zimekaza, na hapo ndipo maumivu ya kesho kutwa na mwako wa muda hutokea. Shuka kwa zigizaga, hatua fupi, goti likiwa limelegea kidogo. Vijana wanaoteremka mbio wakikupita, waache wapite.

Mvua ya masika ikikufungia ndani, na Tukuyu inaweza kukufungia wiki nzima, tumia kibaraza cha nyumba. Panda mguu mmoja, panda wa pili, shuka mmoja, shuka wa pili, kwa kasi, sekunde zilezile. Hakikisha sakafu haina maji.

Mafanikio: kipindi cha sita kina kasi sawa na cha kwanza. Ukifika cha nne unaburuta miguu, ulianza kwa pupa.

Hatua ya 5: Dakika moja (wiki ya 5 hadi ya 8)

Kilima kile cha mita 90 au 100. Panda kwa dakika moja kwa kipimo cha salamu, shuka kwa dakika mbili. Wiki ya 5 fanya mara sita, ya 6 mara saba, ya 7 na ya 8 mara nane. Ukijisikia vizuri, kuanzia wiki ya 7 ongeza siku ya tatu. Tatu ndiyo mwisho. Ukija kuniambia unafanya nne nitakuuliza kuhusu jino.

Siku nyingine mbili au tatu, tembea dakika 30 hadi 40 kama wiki za mwanzo. Pamoja na vipindi, utakuwa umefika au umekaribia kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, au mchanganyiko wake.

Acha mara moja na uende hospitali ukisikia kifua kubana, maumivu yanayokimbilia mkono au taya, moyo kurukaruka ovyo, au kizunguzungu kisichoisha ukikaa. Na angalia mkojo wako siku mbili baada ya zoezi jipya. Ukiwa na rangi ya soda nyeusi huku misuli imevimba na inauma kupita kawaida, misuli imevunjika na figo ziko hatarini. Nenda siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Siku ya katikati, ambayo ndiyo dawa

Hapa ndipo dereva wa Uyole alipopotea, na ndipo nitakaa zaidi.

Ukikaza, misuli nayo hutoa IL-6, jina lilelile la kemikali inayovuja kutoka kwenye mafuta ya tumbo. Tofauti ni namna inavyotoka. Ya mafuta ni tone la bomba bovu, haikatiki. Ya misuli hupanda ghafla, kisha hushuka ndani ya saa chache, na ikishuka huacha nyuma yake kemikali nyingine, IL-10 ikiwemo, zinazotuliza mwako na kuizuia TNF. Wimbi hili la kupanda na kushuka, likirudiwa wiki baada ya wiki, ndilo linalofundisha mwili kutulia.

Lakini zoezi kali pia linajeruhi misuli kidogo, na CRP inaweza kupanda siku moja au mbili baadaye. Ni kawaida, ni fundi anayekarabati ukuta. Ukikaza tena kesho asubuhi kabla fundi hajamaliza, umebomoa alipojenga. Fanya hivyo siku sita na mwili unabaki kwenye ukarabati usioisha. Kwa mtu ambaye tayari ana mwako wa kitambi, umemwaga mafuta ya taa.

Kwa hiyo siku ya katikati ina masharti.

Tembea, usikimbie. Klabu yako ya jogingi ya Jumamosi siwezi kukuzuia, na nyimbo zake ni tamu. Nenda, ila kaa nyuma na wazee, au ihesabu kuwa ni mojawapo ya siku zako za kukaza na Ijumaa upumzike.

Lala. Kwa muda wa saa saba angalau. Kukosa usingizi peke yake hupandisha viashiria vya mwako, na mtu anayelala kwa muda wa saa nne tu ili aamke alfajiri kupanda mlima anatoa kwa mkono wa kulia na kunyang'anya kwa wa kushoto. Kama siku imekuwa ndefu, panda jioni kabla ya giza. Mlima hauhami.

Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya mazoezi. Najua zinauzwa kama pipi. Zinaficha maumivu ambayo yangekwambia uache, na kwa mtu aliyekaukiwa maji zinaumiza figo. Vivyo hivyo vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye chupa za plastiki: vinapandisha mapigo na presha kabla hujapiga hatua ya kwanza.

Mapigo ya kitandani yatakuambia kama umepumzika. Yakiwa yamezidi kawaida yako kwa mapigo saba au zaidi asubuhi ya siku ya vipindi, ahirisha. Nimeona kanuni hii ndogo ikiwaokoa watu wengi kuliko raba za gharama.

Hatua ya 7: Dakika nne (wiki ya 9 hadi ya 12)

Kati ya siku zako za vipindi, moja tu igeuke kuwa ya dakika nne. Nyingine zibaki za dakika moja.

Kilima cha mita 300 au 350. Panda dakika nne, mara nne. Wanorwe wa mji wa Trondheim walioutangaza mtindo huu hupumzika dakika tatu, lakini wao wako kwenye mashine. Wewe unatakiwa kuteremka mita zote hizo kwa miguu, na itakuchukua dakika nne au tano. Usiharakishe ili kutimiza tatu. Pumziko refu kidogo haliharibu kitu, goti lililoharibika linaharibu miezi.

Dakika ya kwanza ya kila kipindi itaonekana rahisi. Iache iwe rahisi. Kipimo cha salamu kianze kubana dakika ya pili ikiisha. Wanaokaza tangu mwanzo husimama dakika ya tatu wameshika magoti, na hicho si kipindi tena.

Zoezi zima, pamoja na kupasha na kupoza, ni kama dakika 45.

Mafanikio: unamaliza vinne, na jiwe au mti uliofikia kipindi cha kwanza unaufikia tena kipindi cha nne.

Hatua ya 8: Sahani na chupa

Kwa ufupi, maana mnajua. Zoezi la dakika 40 la mtu wa kilo 90 linaunguza kama kalori 350 hadi 400. Bia moja ya nusu lita ina karibu 200. Fanya hesabu ya wale wanaotoka jogingi Jumamosi wakaagiza tatu tatu na kilo ya kitimoto. Ulanzi nao, mtamu usimwamini, ni pombe yenye sukari.

Sikukatazi ugali. Punguza mlima wake robo, ongeza maharage na mboga za majani ijae nafasi. Chai, punguza kijiko kimoja cha sukari kila wiki mbili. Soda, acha. Chipsi mayai ziwe za siku ya mshahara. Ndizi za kuchemsha za Tukuyu, njegere, viazi vya kuchemsha na kipande cha parachichi ni chakula cha mtu mwenye akili, na vinapatikana kwetu kwa bei ambayo watu wa Dar wanatuonea wivu. Anayevuta sigara ajue moshi wake ni mwako wa moja kwa moja.

Hatua ya 9: Pima tena, kwa utaratibu

Mwisho wa wiki ya 12, pima kiuno kwa namna ileile, asubuhi ileile, kabla ya chai. Sentimita mbili hadi nne zikiwa zimetoka, mimi naita ushindi, hata kama mizani haijasogea. Misuli imeingia mahali pa mafuta.

Mapigo ya kitandani yakiwa yameshuka, vizuri. Kilima kilichokukata pumzi wiki ya 3 unakipanda ukisalimiana, vizuri zaidi.

Kwa damu, pumzika vipindi siku tatu kamili kabla ya kwenda maabara. Usiwe na mafua, kidonda, jino linalouma wala homa wiki mbili nyuma. CRP hupanda na kushuka ndani ya mtu mmoja bila sababu kubwa, kwa hiyo jibu moja haliaminiki: rudia baada ya wiki mbili, uchukue wastani. Nenda maabara ileile ya mwanzo. Kutoka 3.8 hadi 2.5 kunaweza kuwa hatua ya kweli. Kutoka 3.8 hadi 3.5 ni upepo.

Kiuno kikiwa kimepungua na CRP haijashuka, tafuta chanzo kingine, na anza na mdomo. Vyote viwili vikiwa vimegoma, fungua daftari ukasome siku za katikati na chupa za Jumamosi, usianze kwa kuongeza vilima.

Ukikatiza njiani

Malaria, msiba, mavuno, safari ya Tunduma iliyogeuka ya Lubumbashi. Hutokea. Ukikosa wiki moja, endelea ulipoachia, ukipunguza vipindi viwili siku ya kwanza. Ukikosa mbili au tatu, rudi hatua moja nyuma. Zaidi ya mwezi, rudi kwenye kutembea kwa wiki moja, halafu sekunde 30.

Dereva wangu aling'oa jino, akashuka hadi siku tatu kwa wiki. Akiwa safarini hupanda ngazi za nyumba ya wageni Tunduma, sekunde thelathini kwa tisini, mpaka mlinzi akaanza kumhesabia.